Nairobi hadi New York kwa ndege: umbali, saa za safari na maswali ninayoulizwa kila wiki

Nimekuwa nikikatia watu tiketi katikati ya jiji la Nairobi kwa miaka mingi. Tangu ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kwenda New York ianze kuruka tarehe 28 Oktoba 2018, maswali yamekuwa yale yale. Na anayeuliza mara nyingi si msafiri mwenyewe. Ni mama yake, anayetaka kujua mtoto atakaa angani muda gani na ampigie simu saa ngapi. Nimeyaandika hapa jinsi yanavyonijia, bila kuyapanga kwa uzito.

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Takriban kilomita 11,840, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) pale Embakasi hadi uwanja wa JFK kule Queens. Huo ni umbali wa njia fupi kabisa juu ya mgongo wa dunia. Ukitaka kipimo cha nyumbani, kutoka JKIA hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ni kilomita 425 hivi angani. Kwa hiyo New York ni kama kwenda Mombasa na kurudi mara 14, bila kushuka hata kununua viazi karai.

Mbona mtandao mmoja umeniambia 7,357 na mwingine 6,393?

Yote mawili ni sawa. 7,357 ni maili za kawaida. 6,393 ni maili za baharini, zile wanazotumia mabaharia na marubani, ambapo maili moja ni mita 1,852. Ukiona tena tofauti ya kilomita tano au kumi kati ya mtandao na mtandao, usihangaike. Mmoja umeihesabu dunia kama mpira kamili, mwingine umekumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha.

Safari yenyewe ni ya saa ngapi?

Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14.

Wateja wanaojua hesabu hunibana hapo. Boeing 787 ikishatulia juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Sasa 11,840 ukizigawa kwa 900 unapata saa 13 na kidogo. Hizo nyingine zimeliwa na nani? Kwanza, muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, si magurudumu yanapoinuka, na huisha inapoegeshwa upande wa pili. Pale JFK ndege inaweza kutambaa ardhini dakika nyingi ikisubiri nafasi. Pili, kupanda na kushuka hakufanywi kwa kasi ile ya juu. Tatu, ndege haipiti ile njia fupi kama ilivyo, hulazimika kuzunguka hapa na pale. Na nne ni upepo.

Upepo gani huo unaofanya kurudi kuwe haraka?

Huko juu, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. Ndege ya kwenda Marekani inaukabili kifua wazi. Ya kurudi inasukumwa mgongoni. Hukaza zaidi kaskazini kukiwa na baridi, kuanzia Desemba hadi Februari, kwa hiyo miezi hiyo usishangae ndege ya kuja nyumbani ikifika kabla ya saa yake.

Wazee wa majahazi kule pwani waliyajua mambo haya kwa namna yao: kaskazi ya kuja, kusi ya kurudi. Tofauti ni kwamba nahodha wa jahazi alikaa bandarini miezi akingoja upepo ugeuke. Rubani wa leo ana saa chache tu, kwa hiyo kila usiku wapanga safari hutafuta njia ambayo upepo hautawaumiza sana, hata kama ina kilomita nyingi.

Tutapita juu ya nchi gani?

Swali hili nalipenda, kwa sababu karibu kila mtu hulijibu vibaya. Ramani ya ukutani tuliyosomea darasani inatufanya tufikiri ndege itaelekea magharibi, ivuke Kongo, itokee baharini upande wa Gabon kisha ipande juu taratibu. Sivyo. Chukua tufe la dunia na uzi, ushike mwisho mmoja Nairobi na mwingine New York, kisha uvute. Uzi utakaa wenyewe kwenye njia fupi, na utaona umeelekea kaskazini-magharibi.

Unapita karibu na Mlima Elgon, unakata kaskazini mwa Uganda, unaingia Sudan Kusini, unagusa pembe ya Darfur, kisha Chad na Niger, halafu unapanda kusini mwa Algeria. Jangwa la Sahara lote hilo. Unatokea Morocco, unaingia Atlantiki, unapita kwenye visiwa vya Azores vya Ureno, na kabla ya kufika unakuwa umepanda kaskazini kuliko New York yenyewe, kisha unashuka kidogo kuufikia mji.

Na hapa ndipo watu hunitazama kama nawadanganya: nusu ya umbali huo inaangukia karibu na Marrakech. Yaani nusu nzima ya safari ya kwenda Marekani uko juu ya Afrika. Kama umekula, umelala, umeamka, na ramani iliyo mbele ya kiti bado inaonyesha mchanga wa Sahara, usidhani mtambo umekwama.

Hiyo ni njia ya uzi. Njia ya ndege hubadilika kila siku. Tangu vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na Libya nayo huepukwa na mashirika mengi. Kwa hiyo ukiona ndege imejipinda magharibi zaidi kuliko nilivyoeleza, rubani hajapotea.

Tiketi yangu imeandikwa 00:40, Jumanne. Niende uwanjani lini?

Jumatatu jioni. Narudia: Jumatatu jioni.

Kama kuna jibu moja la kukariri katika ukurasa huu, ni hili. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakikosa ndege kwa sababu ya tarakimu hizo nne. Kijana mmoja wa Kayole alifanyiwa sherehe ya kumuaga Jumatatu usiku, mbuzi akachinjwa, wazee wakaomba dua, na Jumanne saa moja jioni familia nzima ikajaa kwenye matatu mbili ikampeleka uwanjani. Ndege yake ilikuwa imeshatua New York saa kadhaa zilizopita.

Kosa si ujinga. Kosa ni kwamba kuna hesabu mbili za siku zinazogongana. Kwenye tiketi, siku mpya huanza saa sita ya usiku wa manane. Kwetu, mtu akisema "Jumanne usiku" anawaza usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumanne. Lakini Kiswahili tayari kina maneno yanayolimaliza tatizo hili, yale ya watangazaji wa redio: usiku wa kuamkia Jumanne. Mimi huyaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kila tiketi ya kuanzia 00:00 hadi 05:59, hata kama mteja anacheka.

Na maadamu tuko hapo, hesabu ya saa. Tiketi haijui saa za Kiswahili. Ikisema 23:25, toa 18, ni saa tano na dakika 25 usiku. Ikisema 00:40, ongeza 6, ni saa sita na dakika 40 usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, na 12:25 ni saa sita na dakika 25 mchana. Wageni wanaokuja kwetu hupotea upande huo mwingine: unamwambia dereva wa teksi "saa mbili usiku", mgeni aliyesikia "mbili" anajiandaa kwa kiza cha manane.

Tofauti ya saa kati yetu na wao ni ngapi?

Saa 8 wakati wa baridi yao, saa 7 wakati wa joto. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na kidogo tu, mchana wetu hauongezeki wala kupungua kiasi cha kusumbua mtu, kwa hiyo saa za Kenya hazibadilishwi. Wao huzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Kwa wazazi: ukipiga simu saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari, kule ni saa saba mchana au saa nane mchana. Ni wakati mzuri. Ukimpigia saa nne asubuhi ukiwa umetoka sokoni, unamwamsha usiku wa manane na atadhani kuna msiba.

Nikitoka usiku nitafika usiku?

Kwa ratiba ile ya mwanzo, ndege iliondoka 23:25 na kufika 06:25. Wakati wa baridi, hiyo ina maana ya usiku mrefu kuliko wowote uliowahi kuuona. Jua linakuchwa Nairobi kama saa kumi na mbili na nusu jioni, nawe unaruka ukielekea magharibi, ukilikimbia jua linalokuja nyuma yako. Kwa saa zetu, unaliona tena siku ya pili kama saa tisa alasiri. Ni giza la saa 20 hivi.

Ndugu Waislamu wa South C na Eastleigh huniuliza kuhusu sala ya alfajiri. Mimi si sheikh, ila naweza kusema mwanga utatokea wapi: Desemba, weupe wa kwanza huonekana katika saa mbili tatu za mwisho, mkiwa juu ya Atlantiki, na hutokea upande wa mkia wa ndege. Muda mwingi saa ya mkononi iliyobaki Nairobi haitakusaidia kitu, kwa hiyo waulize wahudumu mmefika wapi.

Na kurudi?

Ratiba ile ile: unatoka New York 12:25 mchana, unafika Nairobi 10:55 asubuhi ya kesho yake. Ukitoka Jumatatu unafika Jumanne. Aliyeomba likizo inayokwisha Jumatatu na kukata tiketi ya kurudi Jumatatu, ofisi itamkosa siku moja.

Tiketi ya kupitia Dubai ni nafuu. Ni mbali zaidi?

Sana. Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,550 hivi, karibu saa tano. Sasa sikiliza: kutoka Dubai hadi New York ni kama 11,020. Umesafiri saa tano, umeshuka, umepanga foleni, umekunywa kahawa ya bei ya kuku mzima, na safari iliyo mbele yako inakaribia kuwa ndefu sawa na ile uliyokwepa. Kwa jumla ni kama kilomita 14,570, zaidi ya saa 19 angani, ukiacha muda wa kusubiri. Doha inafanana na hiyo.

London ni hadithi nyingine. Nairobi hadi Heathrow ni kama 6,840, na Heathrow hadi JFK ni kama 5,550. Jumla 12,390. Umezidisha kilomita 550 tu, kwa sababu Ulaya haiko mbali sana na ule uzi wetu. Amsterdam ni karibu vivyo hivyo. Kinachokuongezea muda huko ni kusubiri, si umbali. Kwa maoni yangu, kusubiri kwa saa mbili na nusu hadi nne ndiko kuzuri. Saa moja na dakika ishirini ni kamari, na saa kumi na moja ni adhabu, hasa kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Lakini kabla ya kulipia njia ya Ulaya, uliza kama pasi yako inahitaji viza ya kupita tu katika nchi hiyo. Kila nchi ina sheria yake na hubadilishwa bila kubisha hodi.

Kwa nini ndege za mbali hupenda kuondoka Nairobi usiku?

Sababu moja ni kufika asubuhi ili abiria waunganishe safari nyingine. Sababu ya pili ni hewa, na hii wengi hawaijui.

JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa hapo ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hupata cha kushika kidogo, na injini hupata hewa kidogo ya kuvuta. Ndiyo maana njia ya kurukia pale Embakasi inazidi kilomita 4, ilhali Mombasa, palipo karibu na usawa wa bahari, ni kama mita 3,350 tu. Sasa fikiria ndege iliyojaza watu na mafuta ya saa 15. Safari hii ilipoanza ilitangazwa kuwa hubeba tani 85 za mafuta kila upande. Usiku wa baridi wa Embakasi humsaidia rubani kuinua mzigo huo bila kuacha masanduku ya watu nyuma.

Je, kabla ya 2018 hapakuwa na ndege ya moja kwa moja?

Hapakuwa. Kwanza viwango vya usalama wa anga vya Kenya vilipaswa kukubaliwa na Marekani, na kibali hicho, cha daraja la kwanza, kilipatikana Februari 2017. Ndege za Boeing 787-8 zenyewe, zenye nafasi ya abiria 234, zilikuwapo tayari.

Ndiyo safari ndefu kuliko zote duniani?

Bado sana. Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300, saa 18 na zaidi.

Kwa hiyo nikiaga nyumbani, baada ya saa 15 niko New York?

Hapana, na hili ndilo ninalotamani watu waulize kabla ya lile la kilomita. Tuchukue mtu wa Rongai mwenye ndege ya 23:25. Ataondoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, maana Lang'ata Road jioni haina adabu. Barabara ya juu, Expressway iliyofunguliwa 2022, inaokoa muda mwingi kuanzia Westlands, lakini haikuondolei msongamano wa kuifikia. Kwenye lango la uwanja utashuka garini na kukaguliwa kwa miguu wakati gari linakaguliwa lake. Kisha ukaguzi tena mlangoni, mizigo, uhamiaji, ukaguzi mwingine. Saa tatu kabla ya ndege si nyingi.

Baada ya kutua kuna foleni ya uhamiaji, halafu masanduku, halafu forodha: weka saa moja na nusu. Kutoka JFK unapanda ile treni ndogo ya uwanja hadi kituo cha Jamaica, kisha treni ya kuingia mjini. Ukijumlisha yote, mtu wa Rongai atabisha hodi kwa binamu yake Jersey City saa 23 au 24 baada ya kufunga mlango wake. Siku nzima.

Mimi naenda Minnesota, New York ni ya kuunganisha tu.

Mambo mawili. La kwanza, hata kama sanduku limebandikwa karatasi ya hadi Minneapolis, utalichukua mwenyewe New York, upite nalo forodha, kisha ulikabidhi tena. Huo ndio utaratibu wa mlango wa kwanza wa kuingia Marekani. Acha angalau saa tatu, mimi huweka nne.

La pili, angalia herufi tatu kwenye tiketi ya pili. JFK, LGA na EWR ni viwanja vitatu tofauti, na cha mwisho kiko jimbo jingine, New Jersey. Mtandao wa bei nafuu unaweza kukushusha JFK na kukutarajia EWR baada ya saa mbili. Haiwezekani, labda ukiwa na mbawa zako.

Miguu yangu huvimba. Saa 15 nitaziweza?

Simama kila baada ya saa mbili hivi, tembea hadi nyuma na kurudi, kunywa maji, na usiweke begi palipo miguu. Mwenye historia ya damu kuganda, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza.

Kuna habari njema kwa mtu wa Nairobi. Ndani ya 787 hewa huwekwa kama ya mwinuko wa mita 1,800. Ndege za zamani ni kama mita 2,400. Nairobi yenyewe iko karibu na 1,700, kwa hiyo mapafu yako yatadhani hayajatoka nyumbani. Anayelalamika kichwa ni mara nyingi yule wa Mombasa aliyekaa kiti cha pembeni.

Ndege ikichelewa kuondoka dakika 40, itafika imechelewa dakika 40?

Si lazima. Ratiba huwekewa akiba kidogo, na upepo ukiwa mzuri sehemu ya muda huo hurudi. Lakini kuchelewa kwa saa tatu hakufidiwi angani.

Anayekuja kunipokea JKIA aje saa ngapi?

Ndege ikitua saa tano kasoro dakika tano asubuhi, usimtarajie mtu nje kabla ya saa tano na nusu, na aliyebeba masanduku mawili ya zawadi anaweza kutoka saa sita. Ada ya maegesho inahesabiwa kwa muda, na wapokezi wa kwetu huja wengi na mapema. Fuatilieni ndege kwenye simu, na ikishavuka Mlima Elgon kuja huku, ndipo dereva awashe gari.